Upepo wa Juu ya Moa



Mazungumzo ya leo yanahusu anga ya juu, juu kupita zinakopita ndege za abiria, kilomita 20 hadi 30 kutoka ardhini. Huko mchana kweupe mbingu huonekana nyeusi, na ukingo wa dunia huonekana umepinda. Tumezoea kuamini kwamba kufika huko ni kazi ya mataifa makubwa. Lakini wako watu wa kawaida duniani, walimu, mafundi, wanafunzi, wanaokutana jioni baada ya kazi, wakachangishana fedha, wakapeleka vyombo vyao huko kwa puto. Wapo pia wanaounda injini za roketi kwa mikono yao na kuziwasha zikiwa zimefungwa chini, wapime zilivyofanya kazi. Hawalipwi. Wanajitolea.

Nataka tulitazame jambo hili tukiwa Moa. Kwa wasioijua Moa, ni kijiji cha wavuvi katika wilaya ya Mkinga, kaskazini ya mji wa Tanga, kwa Wasegeju na Wadigo, mikoko mbele yake na mpaka wa Kenya jirani. Kiko karibu nyuzi 5 kusini ya ikweta, bahari ikiwa mashariki yake. Nimeichagua kwa makusudi, kwa sababu mtu akitaka kuusoma upepo, Moa ni mahali pake.

Mvuvi wa Moa hahitaji mtu wa redio amfundishe upepo. Anajua kusi inapoingia, baharini kunachafuka na mashua ndogo zinakaa ufukoni. Anajua kaskazi inapotulia na maji kuwa meupe. Anayajua maleleji ya katikati, na anajua umande wa alfajiri utamtoa hadi wapi kabla matlai haijamrudisha. Elimu hiyo imejengwa kwa karne nyingi, na imejengwa kwa kutazama na kukumbuka. Sasa niwaambie kwamba juu ya kaskazi na kusi tunazozijua kuna pepo nyingine, zina zamu zake, na sehemu ya habari hiyo ilianza kujulikana hapa hapa Afrika Mashariki, kwa maputo.

Mwaka 1908, Tanzania Bara ya leo ikiwa chini ya Wajerumani, ulikuja msafara kutoka kituo cha uchunguzi wa anga cha Lindenberg, karibu na Berlin. Kiongozi wake aliitwa Arthur Berson. Huyu alikuwa mtu wa maputo hasa. Mwaka 1901 yeye na mwenzake Reinhard Süring walipanda angani katika kikapu kilicho wazi, chini ya puto lililoitwa Preussen, hadi mita 10,800. Walizimia wote wawili kwa kukosa hewa, wakashuka wangali hai. Afrika Mashariki hakuja kupanda mwenyewe. Alileta tiara na maputo madogo ya kubeba vipimo, akayarusha katika Ziwa Victoria na pwani ya Bahari ya Hindi.

Alikuta mambo mawili. La kwanza ni baridi. Juu ya ziwa lile, karibu na ikweta, kipimajoto kilishuka kupita nyuzi 80 chini ya sifuri. Ukiwa umekaa chini ya mwembe na jasho linakutiririka, ni vigumu kuamini kwamba juu ya kichwa chako, kiasi cha mwendo wa kutoka Tanga mjini hadi nje kidogo ya mji, kuna baridi kupita ya majira ya kipupwe kule Ulaya. Sababu yake ni joto lenyewe la huku kwetu. Hewa yenye joto hupanda, na kadiri inavyopanda inatanuka, na ikitanuka inapoa. Ulaya hupanda hivyo hadi kilomita 10 au 11 tu, kisha huja tabaka jingine, stratosfia, ambalo halipoi tena. Huku kwetu hupanda hadi kilomita 16 au 17. Imepata nafasi zaidi ya kupoa.

La pili ni upepo. Maputo ya Berson yalipofika juu sana, yalionekana yakisukumwa na upepo unaotoka magharibi. Jambo hilo liliwatatiza wataalamu, kwa sababu miaka 25 nyuma, Agosti 1883, mlima wa Krakatoa kule Indonesia ulilipuka, vumbi lake likapanda hadi anga hizo hizo na kuizunguka dunia juu ya ikweta kwa muda wa wiki mbili hivi. Vumbi lile lilitoka mashariki kwenda magharibi. Sasa nani mkweli, vumbi la Krakatoa au puto la Ziwa Victoria? Kwa miaka hamsini vitabu vilijaribu kuwapatanisha. Viliandika kwamba juu ya ikweta kuna pepo mbili za kudumu, ile ya Krakatoa na ile ya Berson, moja juu ya nyingine.

Ilipofika mwaka 1960 na 1961 ndipo jibu likapatikana. Richard Reed wa Marekani na R. A. Ebdon wa Uingereza, kila mmoja kwa njia yake, walipanga vipimo vya maputo ya hali ya hewa vya miaka kadhaa kutoka vituo vya visiwani karibu na ikweta, mojawapo kisiwa cha Canton katika Pasifiki, wakaona kwamba wote wawili walikuwa wakweli. Upepo ule unageuka. Huvuma kutoka mashariki kwa mwaka mmoja na zaidi, halafu ukavuma kutoka magharibi, kisha ukarudi. Mzunguko mzima unachukua kama miezi 28. Na mgeuko hauanzii chini. Unaanzia juu, kilomita 40 hivi, kisha unashuka taratibu, karibu kilomita moja kwa mwezi, hadi unapotelea pale stratosfia inapoanzia. Ni kaskazi na kusi nyingine, ila zamu zake hazifuati mvua wala jua la mwaka, na hakuna nahodha aliyewahi kuzitwekea tanga. Kisha mwaka 2016 mzunguko ule ulivurugika, mara ya kwanza tangu kumbukumbu zake zianze mwaka 1953, na miaka michache baadaye ukavurugika tena. Wataalamu wangali wanautafutia maelezo.

Ndugu msikilizaji, jambo hili kwangu ni kubwa. Berson alirusha maputo yake katika msimu mmoja tu, akaandika alichokiona kwa uaminifu ingawa kilipingana na kilichoaminiwa, na kipimo chake kikasubiri miaka hamsini kipate wenzake wa kukieleza. Huyo hakuhitaji kuwa na jibu. Alihitaji kupima sawasawa.

Elimu ya pepo hizo imekwisha kutumika kwa biashara hapa jirani. Mwaka 2020, mwezi wa Julai, kampuni ya Loon, ya ukoo mmoja na Google, ikishirikiana na Telkom Kenya, ilianza kuleta intaneti kwa maputo. Maputo 35 hivi yalielea kilomita 20 juu ya magharibi na katikati ya Kenya, Eldoret, Nakuru, Kisumu, Narok. Hayakuwa na injini ya kuyasukuma mbele. Yaliongozwa kwa kupanda na kushuka: yakitaka kwenda magharibi yanatafuta kimo ambacho upepo unakwenda huko, yakitaka kurudi yanatafuta kimo kingine. Nahodha yeyote wa pwani angeielewa kazi hiyo bila mkalimani. Januari 2021 Loon walitangaza kufunga, hesabu za biashara zilikataa, na mwezi wa Machi huduma ikakoma Kenya. Maputo yakaondoka.

Sasa nani anaipima anga hiyo kila siku? Wapo watu wa hali ya hewa. Dunia nzima vituo vinavyorusha maputo ya vipimo vinafuata saa zile zile, kwetu zikiwa saa tisa alasiri na saa tisa usiku. Kituo cha Dagoretti, Nairobi, hurusha pia puto la kupima ozoni, kazi iliyoanza miaka ya 1990, na Malindi ilikuwa na kituo cha namna hiyo kutoka 1999 hadi 2006. Lakini ukiitazama ramani ya dunia ya vituo hivi, Ulaya imejaa nukta, na Afrika ina nukta za kuhesabika, nyingine zimenyamaza kwa kukosa gesi au vipuri. Ndiyo maana nasema puto la watu wa kujitolea likirushwa Moa halitakuwa mchezo wa kupiga picha. Kipimo chake, kikipimwa vizuri, kina pa kukaa.

Tulitazame puto lenyewe kwa karibu. Ni la mpira mwembamba, huuzwa likiwa limekunjwa ndani ya mfuko, na hushikwa kwa glavu laini kwa sababu mafuta ya mkono na kucha moja tu vinatosha kuliharibu. Likijazwa gesi chini huwa na upana wa mita 2 hivi. Halijazwi likakaza, linaondoka likiwa limelegea, kwa kuwa lina safari ya kutanuka. Likipanda mita 5 kwa sekunde, kwa saa moja na dakika arobaini hivi litafika kilomita 30, ambako kanieneo ya hewa ni karibu sehemu moja ya mia ya ile ya ufukoni. Hapo upana wake umefika mita 8 au 9, mpira umekuwa mwembamba mno, unapasuka. Chini yake kunaning'inia mwavuli wa kushukia, na chini ya mwavuli kasha. Mwanzoni kasha huanguka kwa kasi, maana hewa ya kuushika mwavuli haipo. Hewa ikizidi kuwa nzito, ndipo mwavuli unapofanya kazi.

Kasha lenyewe si kitu cha ajabu. Lile kasha jeupe jepesi wanalohifadhia barafu na samaki linafaa kabisa, kwa sababu kazi yake ni ile ile kwa kinyume chake: kule linazuia joto la betri lisitoke. Ndani kuna kipimajoto, kipimo cha kanieneo, kamera, chombo cha GPS na kirusha mawimbi. Laini ya simu haisaidii huko juu, minara imeelekezwa chini kwa watu. Kuna mtego mmoja wa GPS ambao umewapotezea wengi vyombo vyao. Vifaa vingi vya bei nafuu hunyamaza vikifika mita 18,000, kwa kanuni za zamani zilizowekwa visije kutumika kuongozea makombora. Puto linafika kilomita 18, chombo kinakaa kimya, na mwenyewe chini anadhani limeanguka. Inabidi kununua kifaa kinachokubali kuwekwa katika hali ya kuruka juu, na kukipanga hivyo kabla ya safari.

Gesi ziko mbili. Hidrojeni ni nafuu na inapandisha vizuri, lakini inashika moto kwa cheche ndogo tu. Heliamu haiwaki, lakini ni ghali na inaagizwa nje. Kwa kikundi kipya mimi nasema heliamu, hata kama itabidi kuchangisha miezi sita zaidi. Mtoto wa mtu akiungua usoni siku ya kwanza, hakuna mzazi wa Moa atakayeruhusu siku ya pili, na atakuwa na haki.

Na bahari je? Puto likirushwa alfajiri wakati wa kusi, upepo wa chini unalisukuma kaskazini magharibi, kuelekea Lunga Lunga, upande wa Kenya. Wakati wa kaskazi linasukumwa kuelekea Muheza na milima ya Usambara. Juu zaidi kila tabaka lina lake, na kule juu kabisa ndiyo ile zamu ya miezi 28 inayoamua. Ikitokea zamu ya upepo wa magharibi, kasha linaweza kurudishwa likaangukia mkondo wa Pemba. Hapo wavuvi wanaingia kazini, na njia ya kuliona kasha majini ipo tangu zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mjerumani Hugo Hergesell, akifanya kazi katika meli ya mfalme mdogo wa Monaco, alitumia maputo mawili pamoja. Moja lilipasuka juu. La pili, peke yake, halikuwa na nguvu ya kuubeba mzigo wote, kwa hiyo lilishuka nao polepole. Mzigo ulipogusa maji, boya likaubeba, na lile puto lililobaki likasimama hewani juu ya maji kama alama, meli ikaliona kwa mbali. Hakuna sababu njia hiyo isifanye kazi leo, na mashua ya Moa yenye injini ya nyuma ni nyepesi kuliko meli ya mfalme.

Kutoka kilomita 30 juu ya Moa, upeo wa macho uko kilomita 600 na zaidi. Siku ya mawingu machache, picha za safari moja zinaweza kuzichukua Pemba, Unguja, Mombasa, Usambara yote, na Kilimanjaro iliyo chini ya kilomita 300. Niliposema si mchezo wa picha, sikusema picha haina thamani. Mwanafunzi wa Moa akiiona pwani yake kwa namna hiyo, na akajua kasha lililoipiga alilifunga yeye mwenyewe kwa utepe, atalisoma somo la jiografia kwa jicho jingine. Kule California kuna kikundi cha kujitolea kinachoitwa JP Aerospace, kilichoanzishwa na John Powell. Wana utaratibu wa kuwabebea watoto wa shule majaribio yao ndani ya kimpira cha tenisi ya mezani, kilichokatwa katikati na kufungwa tena. Mmoja anaweka mbegu, mwingine kipande cha peremende, mwingine kihisi kidogo cha joto. Wamepeleka maelfu ya vimpira hivyo, na mtoto halipishwi.

Nimechukua muda mrefu kwenye puto, nimefanya hivyo kwa kujua. Sasa roketi.

Pwani yetu hii si ngeni kwa roketi. Zaidi ya kilomita 200 kaskazini ya Moa, mbele ya kijiji cha Ngomeni, Malindi, Waitaliano chini ya profesa Luigi Broglio walisimamisha majukwaa baharini, San Marco na Santa Rita. Tarehe 26 Aprili 1967 roketi aina ya Scout iliondoka hapo na satelaiti, na hadi mwezi wa Machi 1988 satelaiti tisa zilikuwa zimerushwa kutoka maji ya Ngomeni. Maarufu kuliko zote ilirushwa 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Ilikuwa satelaiti ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza mionzi ya eksirei inayotoka kwenye nyota, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza uchunguzi wake, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Lakini Scout zilikuja zimekwisha kuundwa Marekani. Injini zake zilijaribiwa huko, majedwali yake yakabaki huko, na waliokuwa wanajua kwa nini bomba hili ni nene hivi na tundu lile ni jembamba vile, walirudi na elimu hiyo kwao. Sisi watu wa pwani tuliuona mwali.

Elimu ya roketi imo katika jaribio la chini. Injini inafungwa kwenye fremu ya chuma iliyozikwa kwa zege, inakandamizwa dhidi ya kipima nguvu, na waya mrefu unapeleka vipimo kwenye kompyuta iliyoko mbali, nyuma ya magunia ya mchanga, walipo watu. Inawashwa kwa umeme. Inaunguruma sekunde chache tu. Kinachobaki ni mstari uliochorwa: nguvu ilipanda vipi, ilikaa wapi, ilizimaje. Mstari ukipanda ghafla katikati, anayejua kusoma anakwambia kuna ufa ndani ya fueli. Ufa umeongeza eneo linaloungua, eneo limeongeza gesi, gesi imeongeza kanieneo, na kanieneo ikiongezeka fueli huungua kwa kasi zaidi. Mara nyingine bomba halisubiri mstari umalizike. Linapasuka. Hiyo ndiyo sababu ya magunia, na ndiyo sababu hairuhusiwi hata kidogo mtu kuchanganya fueli ya roketi nyumbani, jikoni au nyuma ya duka. Nawaomba vijana wanaonisikiliza walishike hilo kabla ya mengine yote.

Kenya wenzetu wamekwisha kuanza. Wanafunzi wa chuo kikuu cha JKUAT, kule Juja, wana mradi wao unaoitwa Nakuja. Wanaunda roketi ndogo za fueli ngumu, na kabla ya kurusha hufunga injini kwenye fremu, wakaiwasha, wakasoma mstari. Wakikosea wanajua wamekosea wapi. Hilo ndilo la kuiga, kabla ya kuiga kurusha.

Puto na roketi vimewahi pia kufanya kazi pamoja. Mwaka 1952 James Van Allen wa Chuo Kikuu cha Iowa alitaka kupeleka vipimo juu kabisa lakini hakuwa na fedha za roketi kubwa. Alitundika roketi ndogo chini ya puto, katika meli iliyokuwa karibu na Greenland. Puto lilipita sehemu nzito ya anga, kisha roketi ikawaka huko juu ambako hewa ya kuizuia ni chache. Zile mbili za kwanza hazikuwaka. Wakashuku kwamba baridi imegandisha saa ya kuwashia. Kwa ya tatu walichukua makopo ya maji ya machungwa, wakayapasha moto, wakayafungia ndani ili yahifadhi joto. Ikawaka. Baridi ile ile aliyoikuta Berson juu ya Ziwa Victoria, imetatuliwa kwa makopo ya jikoni.

Mfano mwingine wa baridi kuisumbua roketi ni wa Denmark, kikundi cha Copenhagen Suborbitals, watu wa kujitolea wanaorusha roketi kutoka jukwaa baharini karibu na kisiwa cha Bornholm. Mwezi wa Septemba 2010 walikuwa tayari, watu wamekusanyika, roketi ikakataa. Vali ya oksijeni ya baridi kali ilikuwa imeganda, kwa sababu kile kikausha nywele walichokiweka kuipasha moto kilikuwa kimekosa umeme. Mwaka uliofuata ikaruka. Na tarehe 4 Agosti 2018 roketi yao nyingine, Nexø II, ilipanda kilomita zipatazo 6 na nusu ikarudi majini kwa mwavuli. Miaka minane ya kazi ya jioni na siku za mapumziko. Ninawaheshimu kwa kuwa walieleza hadharani kila kilichoharibika, mpaka kikausha nywele.

Uwazi huo una maana ya pekee kwa Moa, kwa sababu ya mpaka. Tunao mfano wa kinyume katika ukanda wetu huu wa Kiswahili. Miaka ya 1970 kampuni ya Kijerumani ya OTRAG, ya Lutz Kayser, ilipewa na Mobutu, rais wa Zaire, ambayo leo ni Kongo, eneo la kilomita za mraba zipatazo 100,000 huko Shaba kujaribia roketi. Kihandisi lilikuwa wazo zuri: mabomba mengi ya kawaida yaliyofungwa pamoja, vali zake zikifunguliwa na mota za waipa za magari. Roketi ya kwanza iliruka 17 Mei 1977. Ya tatu, Juni 1978, ilianguka Mobutu mwenyewe akitazama. Lakini majirani na mataifa makubwa waliogopa kwamba hayo ni makombora ya vita yanayopikwa gizani, na mwaka 1979 Mobutu, kwa shinikizo, aliwafungia milango. Haikusaidia kusema ni roketi za satelaiti. Walikuwa wamechelewa kusema.

Kwa hiyo kikundi kikianza Moa, kianze kwenye meza za ofisi. Mamlaka ya Usafiri wa Anga itataka kujua uzito wa kasha, kimo, saa na mahali pa kutua. Chini ya kilo 4 kanuni za kimataifa zinalihesabu puto kuwa jepesi, na masharti yake ni nafuu. Puto linaloweza kuvuka mpaka linahitaji idhini ya Kenya pia, na kutoka Moa karibu kila puto linaweza kuvuka. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, itataka kujua mawimbi yanayotumika. COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, ndio wa utafiti. Mamlaka ya Hali ya Hewa wanaujua upepo wa wiki ile kuliko mtu yeyote, na ningependa kuwaona wao wakiwa walimu wa kwanza wa kikundi hicho. Kwa injini ya roketi, sheria za baruti zinahusika na vyombo vya usalama vinahusika; hapo pasiwe na njia ya mkato. Rai yangu ni kwamba roketi ya Moa ibaki imefungwa kwenye zege miaka kadhaa, chini ya chuo chenye wahandisi, huku maputo yakiendelea kupanda. Wako watakaosema huo ni uoga. Mimi nasema mwenye daftari la majaribio hamsini ya chini ana roketi kuliko aliyerusha moja ikapotelea baharini bila kujulikana ilifanya nini.

Na taarifa isiishie ofisini. Siku moja kabla ya kurusha, mtu aende Vanga, mwingine Lunga Lunga, kule Kenya, wengine kwa wenyeviti wa vijiji vya bara huku Mkinga na Muheza, na tangazo lisomwe msikitini baada ya sala na kanisani pia: kesho asubuhi mwavuli mwekundu unaweza kuanguka shambani kwenu na kasha jeupe chini yake, ndani mna kamera na vipimajoto, halina madhara, namba ya simu imeandikwa ubavuni. Juu ya kasha iandikwe kwa Kiswahili kikubwa, kisomeke na mkulima wa mkonge na mvuvi wa pweza. Wanaojua kusafirisha habari hizo kwa haraka wapo, ni wale wale wanaopigiana simu kila alfajiri kuulizana bei ya samaki pande zote mbili za mpaka.

Kaskazi inaingia mwezi wa Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Walimu wa sayansi wa Mkinga wanaotaka kulijadili zaidi wafike studio, tutakaa nao hewani.